Wananunua Picha, Wanahamia Bwawani: Ukweli Kuhusu Mitaa ya Gofu

Mjini kuna mrembo mmoja. Jina halina haja, wenye mji wanamjua. Ni yule ambaye akivaa kiatu leo, wiki ijayo Kariakoo nzima inauza kiatu hicho. Kiangazi kimoja alitupia video ya sekunde 40 iliyotikisa mtandao. Droni inapaa taratibu, chini majani ya kijani kama zulia, bwawa linameta, mjengo mweupe pembeni ya maji, na mrembo mwenyewe kasimama barazani kashika fimbo ya gofu. Kaishika kichwa chini miguu juu, lakini nani aliangalia? Chini kaandika: "Kwetu mpya. Mungu ni mwema."

Laiki zikamiminika. Wasanii wenzake wakaja na mioyo na makofi. Siku hiyo hiyo madalali wakaidaka video, wakaitupia kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno yale yale ya siku zote: "Mtaa wa gofu, geti kali, viwanja vimebaki 5 tu, wahi mdau." Na watu wakawahi kweli. Kuna vijana waliovunja vikoba, kuna waliouza gari, kuna dada mmoja wa benki aliyekopa mshahara wa miaka 6 mbele, ili mradi naye awe jirani wa staa.

Masika yakaja.

Maji yalipanda hadi ngazi ya tatu ya baraza ile ile ya kwenye video. Gari la mrembo lilivutwa na trekta la kukatia majani. Jikoni vyura wakapata makazi mapya, nao Mungu kwao ni mwema. Safari hii hapakuwa na droni. Stori ilivuja kupitia kwa dada wa kazi wa nyumba ya jirani, na ilipofika mtandaoni watu wakacheka hadi wakalia.

Lakini kicheko kile kilipita pembeni ya jambo lenyewe. Hakuna aliyeuliza swali dogo tu: ile nyumba ilifuata nini pale? Kile kiwanja kiliuzwa kwa bei ya juu kuliko vyote mtaani kwa sababu "kinaangalia bwawa". Na bwawa lipo pale kwa sababu pale ndipo maji ya kilima kizima yanaposhukia. Yaani mrembo aliongeza hela ili akakae mtaroni.

Huo ndio ugonjwa wa mitaa ya gofu inayochipuka kwenye kila brosha la Afrika Mashariki. Watu wanauziwa mandhari kama pambo, kitu cha kupigia picha. Wakati mandhari, yaani vilima, mabonde, mikondo ya maji, upepo, udongo na miti, ndiye mpangaji wa kwanza wa mtaa wa namna hiyo. Mchoraji anayemsikiliza anajenga mtaa. Anayempuuza anauza bwawa lenye hati.

GOFU ILIZALIWA KWENYE ARDHI ILIYOKATAA JEMBE

Wanaodhani gofu ni mchezo wa kulazimisha ardhi waanzie Uskoti, ulikotoka. Viwanja vya kwanza kule vilikaa kwenye ukanda wa mchanga kati ya bahari na mashamba. Ukanda ule haulimiki. Mchanga mtupu, upepo mkali, majani mafupi yanayofaa kondoo tu. Lakini mchanga una sifa moja: mvua ikinyesha, maji yanazama chini, ardhi inakauka haraka. Hakuna aliyeleta tingatinga. Vilima vidogo vilichongwa na upepo, majani yalikatwa na meno ya kondoo. Hata hii namba ya mashimo 18 haikushuka kutoka mbinguni. Kule St Andrews walikuwa wanacheza mashimo 22, mwaka 1764 baadhi yakaunganishwa yakabaki 18, na dunia nzima ikafuata.

Kwetu huku stori ni ile ile kwa sura nyingine. Mtaa wa Karen, Nairobi, ulikuwa shamba la kahawa. Kahawa iligoma: eneo lipo juu mno, baridi imezidi kwa zao hilo. Kampuni ya shamba ilifunga kazi mwaka 1931, ardhi ikakatwa viwanja vikubwa vya makazi, na mwaka 1937 klabu ya gofu ikaanzishwa katikati yake. Ardhi iliyokataa kahawa ikakubali nyumba na majani. Miaka mingi baadaye, pwani ya Kilifi, mtaa wa Vipingo Ridge ukajengwa kwenye ardhi ya katani, juu ya tuta linalotazama Bahari ya Hindi. Jina lenyewe la Kiingereza linataja tuta hilo. Nyumba zikakaa juu zinakopata upepo na bahari, na mibuyu ya zamani ikaachwa isimame kwenye kiwanja, hadi kiwanja kikaitwa kwa jina la mbuyu.

Kote huko ardhi ilisema kwanza, mchoro ukafuata. Penye mchanga, palichezwa. Penye tuta, palijengwa. Penye mbuyu, mpira ndio uliozunguka.

ARDHI INAAMUA NINI HASA

Wadau wengi wanadhani kuchora mtaa wa gofu ni kama kukata keki: kiwanja katikati, nyumba pembeni, lete hati. Mambo si rahisi kihivyo.

Kwanza, ukubwa. Mashimo 18 ya kawaida yanakula hekta 50 hadi 70. Hiyo ni kama viwanja 70 hadi 100 vya mpira wa miguu vilivyopangwa pamoja. Eneo la namna hiyo haliwezi kuwa tambarare lote. Litakuwa na mgongo mahali, bonde mahali, kijito mahali, na pembe moja hivi yenye majimaji ambayo hata mbuzi wanaizunguka. Kazi ya kwanza ya mpangaji ni kugawa: kipi kiende kwa majani, kipi kiende kwa watu.

Na jibu la wenye akili halijawahi kubadilika. Bonde, kijito na zile pembe za majimaji wape majani. Mgongo mkavu wape watu. Majani yakilowa siku 3 hayafi, wachezaji watapumzika na kesho kutwa watarudi. Godoro likilowa siku 3 ni jalala. Kwenye mtaa uliopangwa vizuri, kiwanja cha gofu ndicho kinachokunywa mafuriko ili nyumba zisinywe. Bwawa linakaa chini kabisa, linapokea maji ya mapaa na barabara wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi maji hayo hayo yanarudi juu kumwagilia. Bwawa ni tanki. Kung'aa kwenye droni ni bahati yake tu.

Pili, mpangilio wa njia zenyewe. Kuna mtindo wa kukusanya mashimo yote pamoja kama kundi la ng'ombe, nyumba zinakaa nje kuzunguka. Na kuna mtindo wa kuyatandaza mojamoja kama utumbo, kila njia ina nyumba kulia na kushoto. Wa kwanza unakula ardhi kidogo na unaacha mabonde yapumue. Wa pili unatoa nyumba nyingi zinazopakana na majani, na kila nyumba inayopakana na majani inauzwa ghali. Wauzaji wanaupenda upi? Jibu halihitaji digrii.

Tatu, mpira wenyewe. Wachezaji wengi wanatumia mkono wa kulia, na mpira wa asiyejua vizuri mara nyingi hupinda kwenda kulia. Kwa hiyo nyumba zilizo kulia kwa anayepiga, pale mpira mrefu unapodondokea, ndizo zinazokula mawe kila Jumamosi. Wapangaji makini wanaacha nafasi ya mita 100 au zaidi kati ya nyumba za upande huu na za upande ule, na bado wanaweka mteremko au miti mahali pa hatari. Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, naye hana haja ya jina, aliyenunua mjengo upande wa kulia wa njia nyembamba. Ana vioo vya kutosha kufungulia duka. Alipokwenda ofisini kulalamika aliambiwa kwa upole, "Bosi, si ulisema unapenda kuishi karibu na mchezo?"

Nne, jua. Huku kwetu karibu na ikweta jua linachomoza mashariki na kuzama magharibi karibu mwaka mzima bila kona nyingi. Shimo la kwanza likielekea mashariki, mchezaji wa asubuhi anapiga akiwa kipofu. La mwisho likielekea magharibi, wa jioni hali kadhalika. Mpira wa kipofu hauchagui dirisha. Na sebule iliyogeuzwa magharibi ili "ipate machweo" inageuka oveni kuanzia saa 9 alasiri, luku inateketea kwa kiyoyozi.

Tano, upepo. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa. Kaskazi ina miezi yake, Kusi ina miezi yake, na babu zao walijua mlango wa nyumba uelekee wapi kabla hakujazaliwa mchoraji wa kompyuta. Mtaa wa gofu wa pwani unaopangwa bila kuuliza pepo hizi mbili unapeleka mipira kwenye nyumba za watu nusu mwaka na chumvi kwenye mabati nusu iliyobaki.

Sita, udongo. Kuna ule udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Majani yanaota juu yake vizuri tu, na kwenye droni unaonekana kama udongo mwingine wowote. Ila nyumba ikijengwa juu yake bila msingi maalumu, miaka 2 tu ukutani pana ufa wa kupitisha kidole. Brosha haina ukurasa wa udongo. Ina ukurasa wa bwawa la kuogelea.

ANAYESHIKA KALAMU NI MTU WA MAUZO

Sasa tuseme ukweli unaouma. Hayo yote wataalamu wa hapa nyumbani wanayajua. Wapimaji wapo, wahandisi wapo, wapangaji miji wanatoka vyuoni kila mwaka. Tatizo ni mpangilio wa meza. Kwenye miradi mingi ya haraka haraka, mtu wa mauzo anakaa kwanza, mpimaji anaitwa baadaye. Picha ya kompyuta inachorwa kabla ya mtu yeyote kupita pale shambani siku ya mvua. Ikishachorwa na kuuzwa, ardhi ndiyo inayotakiwa ijirekebishe. Kilima kinakatwa kwa kuwa kinaziba bwawa. Bonde linafukiwa kwa kuwa lilikuwa na nafasi ya nyumba 30. Kijito kinaingizwa kwenye bomba, bomba linafukiwa, juu yake inajengwa "klabu ya familia".

Utetezi wao ni huu: siku hizi kuna teknolojia. Kuna pampu, kuna mitaro ya zege, kuna wahandisi kutoka nje. Mfano wao wanaoupenda ni Dubai. Na kweli, Dubai ni shule. Mwaka 1988 jangwani pale kilifunguliwa kiwanja cha mashindano cha kwanza chenye majani Mashariki ya Kati, na leo mitaa ya gofu imejaa, mastaa wa huku wanakwenda kupigia picha. Hela wanayo, wahandisi wanao.

Lakini tarehe 16 Aprili 2024 mvua ilinyesha Falme za Kiarabu. Kule Al Ain zilipimwa zaidi ya milimita 250 kwa muda usiofika siku nzima, kiwango ambacho hakijawahi kuonekana tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Dubai yenyewe magari ya mamilioni yalielea, uwanja wa ndege ukakwama, na maji yakasimama siku kadhaa kwenye mitaa ya wazito. Ardhi tambarare iliyofunikwa lami haikuwa na pa kuyapeleka. Hela ilikuja baadaye, na pampu. Haikuweza kubishana na maji siku ile. Sasa kama Dubai ilishindwa kubishana, kampuni yenye trekta moja na ukurasa wa Instagram itaweza?

Utetezi wa pili ni ule wa kitoto: "Hizo ni roho za kwa nini, maskini hawapendi maendeleo." Hapana. Mtaa wa gofu uliokaa vizuri ni kitu kizuri. Majani hekta 60 ni bora kuliko zege hekta 60. Miti inabaki, ndege wanabaki, maji yanazama ardhini. Anayechukia hilo ana lake. Kinachogombwa hapa ni uongo: kumuuzia kijana bonde kwa bei ya kilima, kwa kutumia sura ya staa ambaye hata yeye hajui kalala juu ya nini.

JIRANI WA CHINI HAYUPO KWENYE DRONI

Mrembo ana bima, ana mashabiki, ana nyumba nyingine mjini. Atapona. Kuna mwingine ambaye droni haikumwonyesha kabisa, kwa sababu kamera iligeuzwa kabla ya kufika kwake. Huyu ni jirani wa chini.

Bonde likifukiwa juu, maji hayafi. Yanahama. Yaliyokuwa yanatambaa kwenye majani kwa siku 2 sasa yanateleza juu ya lami kwa dakika 20 na kufika kwa mama mwenye chumba kimoja na genge la nyanya. Yeye hakununua mandhari. Kaletewa.

Mwaka 2024, mvua za masika zilipoifanya mito ya Nairobi ivimbe, nyumba za Mathare zilizolala kando ya mto zilisombwa, na serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 za kingo wahame. Matingatinga yakaingia mitaa ya mabati. Tanzania nayo ina sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, ziwa au bahari. Sheria ni nzuri. Swali ni kama mita zinapimwa kwa kamba moja. Je, tingatinga linalojua njia ya kwenda uswazi linajua pia njia ya kupita getini, pale mlinzi anaposema "hapa ni mtaa binafsi"?

Na hili la geti lina historia. Royal Nairobi, klabu ya gofu iliyoanzishwa mwaka 1906, leo inapakana na Kibera. Picha zilizopigwa kutoka angani zimezunguka dunia nzima: upande mmoja kijani laini, upande wa pili mabati yenye kutu yaliyobanana, katikati uzio mwembamba. Mvua inayonyesha pande zote mbili ni moja. Upande mmoja inapokelewa na majani, upande mwingine inapokelewa na magodoro.

Dar nako somo lipo wazi, tena kila abiria wa mwendokasi amelisoma akiwa dirishani. Bonde la Msimbazi lilikuwa la maji tangu zamani. Likajengwa nyumba. Desemba 2011 maji yakaja kudai chao, watu wakafa, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya hapo kituo cha mabasi ya mwendokasi kikawekwa Jangwani, bondeni, nacho kikafurika mara kwa mara. Sasa upo mradi mkubwa unaoungwa mkono na Benki ya Dunia, na sehemu ya mpango wake ni kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ya jiji. Yaani mabilioni yanatumika kufanya kile ambacho mpangaji mwenye akili angefanya bure miaka 50 nyuma: kuacha bonde liwe bonde, majani yakae chini, watu wakae juu.

MAJINA NI RAMANI YA BURE

Kuna stori inayozunguka kwa mafundi wa upimaji, kuhusu kijana mmoja aliyetumwa kupanda bikoni kwenye shamba la zamani linalogeuzwa mtaa wa gofu. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani akapita na baiskeli yake, akasimama.

"Shikamoo mzee," kijana akasema.

"Marahaba mwanangu. Mnapima nini hapa?"

"Nyumba za kando ya bwawa, mzee wangu. Bwawa litakuwa pale, nyumba zinaanzia hapa."

Mzee akatazama bikoni, akatazama mlima. "Hapa sisi tunapaita Mtoni. Unadhani waliopaita hivyo walikuwa wanaimba?"

"Lakini mzee, mto wenyewe mbona hauonekani?"

"Umelala tu, mwanangu. Mwambie bosi wako asije akatandika kitanda juu yake."

Kijana alimwambia bosi. Bosi akasema mradi umeshauzwa.

Hapo ndipo pa kulia. Nchi hii na za jirani zimejaa majina yanayosema wazi: Mtoni, Bondeni, Ziwani, Kisimani, Mlimani. Wazee waliandika ramani ya mafuriko kwenye midomo ya watu ili isipotee. Anakuja mtu wa mauzo, anafuta Mtoni, anaandika jina la Kiingereza lenye maneno kama "bustani" na "mfalme", na ramani inazimika. Jina jipya linapendeza kwenye Insta, ila maji hayasomi Kiingereza.

Na ardhi haikumbuki maji peke yake. Inakumbuka na watu. Kule Marekani, kwenye kisiwa cha Hilton Head, kuna mtaa wa Sea Pines unaosifiwa na wanaosomea mambo haya tangu miaka ya 1950. Barabara zilipindishwa kukwepa miti, nyumba zikasogezwa nyuma ya matuta ya mchanga, na mwaka 1969 kikafunguliwa kiwanja cha gofu cha Harbour Town kilichochongwa katikati ya msitu. Kwa miti, hongera. Lakini kisiwa kile kilikuwa na Wagullah, weusi ambao mababu zao walitoka Afrika kwa minyororo, na baadhi ya makaburi yao yakabaki ndani ya mageti. Mtu anafika getini kujieleza ili akaone kaburi la bibi yake. Mpangaji aliyeuona mti asiuone msiba amesoma nusu ya ardhi. Na mashamba ya zamani ya katani na kahawa huku kwetu yana njia za miguu, visima na makaburi ya vibarua wa enzi hizo. Yapo kwenye michoro?

KABLA YA KUTOA HELA

Kijana mwenye ndoto ya mtaa wa gofu asikatishwe tamaa. Ndoto ni halali, hela ni yake. Ila aache kununua kwa kidole gumba. Aende pale siku ya mvua kubwa, avae mabuti, asimame kwenye kiwanja anachouziwa na aangalie maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Dalali akisema "njoo kiangazi ndiyo pazuri", amekwishajibu swali.

Adai ramani yenye kontua, ile yenye mistari ya mwinuko, asiridhike na picha ya kompyuta yenye watoto wa kizungu wanakimbia na mbwa. Aulize udongo ulipimwa na nani. Aulize mchezaji anapigia kutoka wapi na nyumba ipo mkono gani. Amtafute mzee wa kijiji cha jirani, ampe shikamoo na soda, amuulize pale panaitwaje.

Na aulize jambo moja ambalo madalali hawalipendi kabisa: gofu ikifa, majani yatakuwa ya nani? Kwa sababu gofu hufa. Kiwanja kinataka maji, kwenye joto kavu yanaweza kuzidi lita milioni 1 kwa siku, kinataka mashine, kinataka vibarua. Marekani kwenyewe, tangu mwaka 2006 imepita miaka mingi ambayo viwanja vilivyofungwa vimezidi vilivyofunguliwa. Kiwanja kikifungwa, lile bonde lililokuwa linakunywa mafuriko linabaki tupu, na mtu wa mauzo anarudi na brosha jipya: "Awamu ya pili, viwanja vimebaki 5." Kama mkataba hausemi kwamba bonde litabaki bonde milele, basi walio juu wanalindwa na ahadi ya mdomo tu, na walio chini hawalindwi na chochote.

Hayo ndiyo ya kuuliza. Mastaa hawayaulizi, kwa sababu wengine hawakulipa hata senti. Wamepewa nyumba ya kupigia picha kwa miezi 6 ili wengine wailipie kwa miaka 20.

Na mrembo wa kwenye video? Ameshahama, yupo ghorofani mjini, hana ugomvi na vyura tena. Ule mjengo unauzwa. Wiki iliyopita kuna video mpya imetoka, droni inapaa taratibu, majani ya kijani, bwawa linameta, na mwisho namba ya simu. Ngazi 3 za baraza zimepakwa rangi upya, alama ya maji haionekani. Imepigwa kiangazi. Kiangazi kila bwawa ni zuri.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nani kauziwa bonde akaambiwa ni mandhari? Shusheni komenti.